Mayai ya Leokadia na Suruali ya Shemeji

Kabla hujaniuliza kwa nini mayai yako hayakutotoka, nijibu kwanza wewe: una jogoo?

Usicheke. Juzijuzi amenijia kijana mmoja hapa Katubuka, Kigoma, nadhifu, ameibeba mashine mpya ya plastiki mikononi kama keki ya harusi. Shikamoo, marahaba, akakaa. Akaniambia amefuata kila kitu alichoonyeshwa kwenye video. Joto sawa, maji sawa, mashine inageuza mayai yenyewe, na siku zimepita hajaona hata kifaranga mmoja. Nikaitazama ile mashine, na nisiwe mnafiki, ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Nikamwuliza mayai kayapata wapi. Dukani, akasema, yale ya trei. Nikamweleza kwamba kuku waliotaga mayai yale hawajawahi kumwona jogoo, na yai la namna hiyo unaweza kulipasha joto mpaka wajukuu zako waoe, halitatoka kitu. Akaipangusa mashine yake vumbi. Kisha akaniuliza, "Sasa Bibi, hakuna dawa ya kuweka?"

Ndiyo maana nimeamua kuyasema haya kwenu nyote kwa pamoja. Nimechoka kuyarudia kibarazani kwa mmoja mmoja, na chai yangu inapoa.

Mimi naitwa Mama Zuhura. Kazi yangu ilikuwa kutotolesha mayai ya watu. Mtu analeta mayai, mimi nayalaza kwenye mashine na kuyatunza, vifaranga wakitoka anachukua wake, na mimi napata ujira wangu. Nimeifanya tangu Zuhura akiwa shule ya msingi, na sasa Zuhura ana watoto wanaonisahihisha. Nimestaafu kwa sababu macho hayaoni tena vizuri ndani ya yai, na mgongo umekataa kuinama. Lakini watu hawajastaafu kunijia.

Aliyenifundisha ni Mzee Kasongo wa Ujiji, Mungu amrehemu. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, na yeye akazaliwa huku akawa fundi wa friji. Mashine yake ya kwanza aliitengeneza kwa friji lililokufa: akatoa vyuma vya nyuma, akatia balbu, feni ndogo, na kile kidude cha kuwasha na kuzima joto likizidi. Kitu kilichoundwa kupoza, yeye akakifanya cha kupasha. Wateja walikuwa wanacheka mpaka waone vifaranga.

Alikuwa mwalimu mgumu, na sisemi hivyo kwa kumsifu. Nilipoanza alinikataza kutazama kipimajoto. Alinipa yai kutoka kwenye mashine, akaniambia nifumbe jicho na kuligusisha kwenye kope.

"Unasikia nini?"

"Nasikia yai, Mzee."

"Rudi kesho."

Nikarudi kesho, na kesho yake. Nilikuwa natoka Katubuka kwa miguu nikafike Ujiji kugusisha yai jichoni, halafu nirudishwe. Ilifika mahali nikamwambia kama ananitaka niache aseme, nijue. Akaniambia, "Weye unataka kujua joto. Mi nataka ulizoee. Kipimajoto kitakufa siku moja, na kope zako utakuwa nazo." Nilikasirika siku ile yote. Sasa nikikuambia kope huhisi mapema yai lililopoa au lililozidi joto, usidhani ni uchawi. Ni ngozi nyembamba, na ni mazoezi, na ni mzee mmoja mwenye kero nyingi.

Alinifundisha pia kumulika. Unachukua boksi, unatoboa tundu dogo, unaweka tochi ndani, halafu unakalisha yai juu ya tundu, chumba kikiwa na giza. Yai lenye uhai, baada ya wiki moja hivi, utaliona na mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi, na katikati kuna doa linalotikisika. Yai tupu ni jeupe tu, kama taa. Yai lililokufa lina pete ya damu. Hilo unalitoa, usilionee huruma, kwa sababu likioza likapasuka mle ndani utahama nyumba.

Sasa wateja. Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ninyi ndio wateja.

Kuna mama wa Kibirizi aliyeniletea mayai yanang'aa, kayaosha kwa sabuni ya unga na kuyapangusa kwa kitambaa. Alitaka nimsifu. Yai lina utando wake wa nje unaolikinga. Ukiuosha umefungua mlango kwa kila uchafu. Kuna kaka aliyeyaweka mayai kwenye friji kwa wiki mbili, "yasiharibike." Kuna mwingine aliyaleta kwa bodaboda, akiwa ameyaning'iniza kwenye usukani ndani ya mfuko wa plastiki. Yai lililotikiswa unalipumzisha siku nzima kabla ya kuliweka kwenye joto, ncha nyembamba ikitazama chini. Nikimwambia mtu hivyo ananitazama kama nimemwambia yai linataka kusali. Na wote, wote bila kubakiza, wanataka kuja kufungua mashine waone. Waone nini? Yai haliongei.

Lakini hao wote kwa pamoja hawajanisumbua kama alivyonisumbua shemeji yangu Sudi na suruali yake. Hili nataka niliseme lote, maana ndani yake mna kazi yenyewe.

Sudi ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuja kwangu baada ya msiba, akisema chumba chake cha Ujiji kinavuja na anaomba hifadhi ya wiki mbili mpaka bati lizibwe. Bati lilizibwa zamani. Sudi akabaki. Hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo shida, maana mbaya ungemfukuza. Alikuwa mtu wa kupendeza tu. Anaoga mara mbili, anajipulizia manukato, suruali ina mstari wa pasi unaoweza kukukata, na hakuna harusi inayomkosa kutoka Mwanga hadi Ujiji. Ukimwomba achote maji anaitikia vizuri sana, na ndoo unaikuta palepale.

Siku moja akaja mteja kutoka Mwandiga, mama mmoja Muha anayeitwa Leokadia. Alikuja kwa gari, kapu amelipakata mapajani, mayai yamezikwa kwenye pumba za mpunga. Huyo nilimpenda kabla hajazungumza, kwa jinsi alivyolitua lile kapu.

Akaniambia mama yake aliolewa Mwandiga akitokea Kasulu, na katika vitu alivyokuja navyo kulikuwa na kuku. Wana madoadoa na kishungi kidogo kichwani. Mama yake aliwalea miaka yote, akigawa, akichinja, lakini hakuacha ukoo ule ukatike. Mama akafariki. Miezi michache baadaye kideri kikaingia Mwandiga. Kama hujawahi kukiona kideri, shukuru. Asubuhi kuku amejikunyata, jioni shingo imepinda, anaharisha kijani, kesho unazika. Ndani ya siku chache banda la Leokadia likawa tupu.

"Na haya?" nikamwuliza, nikionyesha kapu.

"Haya niliyapeleka kwa dada yangu kabla ya ugonjwa. Kuku wake alitaka kuatamia. Alikaa kidogo, akaghairi, akaondoka zake. Dada akanipigia nikayachukue." Akagusa pumba kwa kidole. "Ndiyo yaliyobaki, Mama Zuhura. Wa mama hawapo tena popote."

Nilitaka kumweleza kwamba mayai yaliyoanza kuatamiwa yakaachwa hayana uhakika. Nikamtazama usoni nikaona analijua hilo. Nikayapokea. Nikayapumzisha, nikayawekea alama kwa penseli, na kwa kuwa sikutaka kuchanganya mayai ya mahali penye ugonjwa na ya wengine, mashine nzima ikawa yake peke yake. Wateja wengine wakanuna. Nikawaambia wanune.

Wiki ikapita, nikamulika. Zaidi ya nusu yalikuwa na mishipa, mizuri, imeshika. Nikampigia simu Leokadia. Hakusema mengi, alisema "Asante" mara mbili na simu ikakatika.

Basi siku moja, mayai yamekwisha kuvuka nusu ya safari, nikaenda Kibirizi kununua vumbi la dagaa la kuchanganya kwenye chakula cha vifaranga. Na hapa nisimame kidogo. Mnaoishi kando ya ziwa hili mna bahati ambayo wafugaji wa bara wanaililia, lakini mnanunua dagaa waliokaushwa juu ya mchanga kwa sababu ni rahisi, halafu mnakuja kwangu kusema vifaranga wanakufa matumbo yamejaa. Wamejaa mchanga. Nunua wa kwenye chanja, waliokaushwa bila kugusa chini. Ukiona dagaa wanang'aa chumvi, waache pia. Kifaranga hawezi chumvi kama wewe.

Nikarudi mchana. Nilipoingia ndani sikuelewa mara moja kilichobadilika. Nyumba ilikuwa kimya. Nikasimama na mfuko wangu wa dagaa, nikisikiliza, mpaka nikajua ninachokosa ni ule mlio wa feni. Nikaenda kwenye chumba cha mashine. Balbu zimezimika. Ukutani, mahali pa plagi ya mashine, kuna plagi ya pasi. Pasi yenyewe iko sakafuni, imesimama wima, imepoa. Kwenye kiti kuna shuka lililotandikwa kwa ajili ya kunyooshea nguo.

Sudi alikuwa amekwenda harusini Ujiji.

Nilikaa kitini, juu ya lile shuka. Sikulia wala sikupiga kelele. Nilifungua mlango wa mashine nikachukua yai moja nikaligusisha jichoni. Lilikuwa baridi kama jiwe la ziwani.

Hapa ndipo wengi wenu mngeyaua kabisa. Mtu akikuta mayai yamepoa anashikwa na kiwewe, anaongeza balbu, anaweka mkaa karibu, anataka afidie kwa dakika kumi joto lililopotea tangu asubuhi. Kifaranga aliye ndani ya yai huvumilia baridi kuliko mnavyodhani. Kuku mwenyewe hutoka kiotani akaenda kula. Asichovumilia ni moto. Yai lililopoa unalirudisha polepole, kama unavyomwamsha mgonjwa. Nikarudisha plagi, nikaacha mashine ipande yenyewe, nikaongeza maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, nikafunga mlango, nikakaa nje yake ili nisijaribiwe kuufungua.

Joto lilikuwa limeanza kukaribia kipimo ndipo umeme ukakatika.

Nilicheka. Sijui kama mnaujua ule mcheko. Siku hizi umeme wa Kigoma umetulia kiasi, lakini wakati ule ulikuwa ukikatika na kurudi kadiri unavyotaka. Nikachemsha maji kwenye jiko la mkaa uani, nikayatia kwenye madumu, nikayafunga kwa khanga ili yasiunguze, nikayaingiza chini ya trei, nikafunika mashine nzima kwa blanketi la marehemu mume wangu, nikiacha vitundu vya hewa wazi. Dumu likipoa nabadilisha. Umeme uliporudi jioni nilikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi.

Ndipo Sudi akaingia, ananukia marashi, ameshika kitu kilichofungwa kwenye karatasi.

"Shemeji, nimekuletea pilau."

"Sudi, ulichomoa nini pale ukutani?"

"Ile plagi ya kabati lako la mayai. Nilinyoosha suruali kidogo tu."

"Ukairudisha?"

Akafikiri. Alifikiri kwa dhati kabisa, huku akitazama dari. "Nilikusudia kuirudisha," akasema.

Nilimweleza mayai yale ni ya nani na yana nini. Akasikitika, kwa sababu Sudi husikitika upesi. Kisha akasema, "Lakini Shemeji, mayai ni mayai. Tutamtafutia mengine, kuku wa kienyeji wamejaa." Nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda Mwandiga, na atakayesema ni yeye, kwa mdomo wake, mimi nitakuwa nimekaa tu.

Tulimkuta Leokadia uani anachambua maharage. "Mwakeye," akatusalimu kwa Kiha, akatuletea vigoda, akaendelea na maharage yake, akisubiri tuseme. Sudi akaanza mbali sana. Akaanza na harusi, na umuhimu wa bwana harusi kwake, na ubovu wa soketi nyumbani kwangu, ambayo ni moja tu inayofanya kazi. Nilimwacha azunguke mpaka akafika. Alipofika, sauti ilikuwa imeshuka. Akasema, "Nikachomoa, dada. Nikasahau."

Leokadia alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa pembeni.

"Ilinyooka?" akauliza.

"Nini, dada?"

"Suruali."

Sudi akanitazama mimi. Mimi nikatazama maharage.

"Ilinyooka," akasema.

"Basi vizuri," Leokadia akasema, akaendelea kuchambua.

Hakumtukana wala hakulia mbele yetu. Tulipoondoka, Sudi alitembea mpaka barabarani, vumbi likimpanda kwenye suruali, asilipanguse.

Jioni ile nilizima taa nikamulika mayai, na nikamlazimisha akae pale ashike boksi. Moja limekufa. La pili limekufa. La tatu limekufa, na kila nililolitoa nilimpa aliweke kwenye ndoo. Kisha likaja moja ambalo ndani kulikuwa na kivuli kikubwa cheusi, na nikiwa bado nalizungusha kile kivuli kikajisukuma, kikageuka.

"Shemeji," akasema taratibu, "huyu yu hai."

"Yu hai."

"Ameniona."

"Hajakuona. Umemmulika, anageukia upande wa pili alale."

Hakucheka. Akaomba alishike yeye.

Tangu siku ile sikuwa na haja ya kulinda plagi. Aliifunga kwa utepe wa gundi mpaka ikawa kama jeraha lililofungwa bandeji, na suruali zake akawa anazipeleka kunyooshwa kwa jirani. Mayai alikuwa anayageuza yeye, asubuhi, mchana na jioni, upande wa alama na upande usio na alama, kama nilivyomwonyesha. Nilikuwa namfuata nyuma kuhakikisha. Sikumwamini hata kidogo.

Siku ishirini na moja mnazozisikia zikafika, zikapita, na mayai kimya. Hilo nililitarajia, yai lililopoa huchelewa. Leokadia hakulitarajia. Alikuja na kikapu cha nguo akaniambia hatarudi Mwandiga mpaka aone mwisho wake. Akaketi kwenye mkeka karibu na mashine, na Sudi akaketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa mashine, na mimi nikawa napika kwa watu wawili wasiozungumza.

Asubuhi ya pili tukasikia mlio. Mdogo, kutoka ndani ya ganda. Leokadia akasimama.

"Fungua nione."

"Haifunguliwi, dada," Sudi akasema.

"Ni mayai yangu."

"Ni yako. Lakini ukifungua sasa unatoa mvuke wote, utando unakauka, unamshika kifaranga kama gundi. Hata mimi mwenyewe sijaruhusiwa."

Alikuwa anayasema maneno yangu, neno kwa neno, na kwa sauti yangu pia. Nilikuwa jikoni nikasikia, nikakasirika kwa sababu nisiyoijua.

Wakaanza kudonoa. Kupitia kioo cha mlango wa mashine tuliona tundu la kwanza, halafu ufa, halafu kifaranga akatoka amelowa, mbaya kama kitambaa cha kudekia. Wakafuata wengine. Kulikuwa na mmoja aliyetoboa tangu alfajiri akachoka. Leokadia alinisihi nimvute. Akasema hata mtoto wa binadamu akikwama anavutwa. Nikamweleza kwamba mishipa ya damu bado imeshikana na ganda, na ukimbandua kabla haijanywea anavuja damu mpaka anakufa mkononi mwako. Kama hakufika mwenyewe, hakufika. Yule hakufika. Na wengine wanne hawakutoboa kabisa.

Waliotoka ni saba. Kutoka kapu lile zima, saba.

Nilisubiri wakauke ndipo nikafungua. Nikamkabidhi Leokadia wa kwanza. Alimzungusha mkononi, akapitisha kidole gumba juu ya kichwa chake, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Juu ya utosi kulikuwa na kivimbe kidogo, manyoya yamesimama kidogo tu.

"Wa mama," akasema. Akakaa chini. Ndipo akalia, na Sudi akatoka nje.

Mkidhani hapo mambo yalikwisha hamjafuga kuku. Banda la Mwandiga lilikuwa bado na ugonjwa, lilihitaji kusafishwa na kukaa tupu kwanza, kwa hiyo wale saba walilelewa kwangu. Sikupanga kulea vifaranga, nyumba yangu ilikuwa ya mayai. Sudi akawatengenezea bruda, yaani kibanda cha joto cha vifaranga, kwa boksi kubwa la televisheni, mkaa kwenye chungu katikati, majivu juu. Nilimgombeza kwa sababu alikuwa amefunga madirisha yote wasipate baridi. Moshi wa mkaa hauonekani lakini unaua, vifaranga na aliyewaletea. Na sikumpa kipimajoto. Nilimwambia awatazame. Wakijikusanya karibu na chungu na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, umewazidishia. Wakitawanyika wakila, waache. Akawatazama kweli. Kuna harusi mbili zilimpita.

Bwana mifugo akaja akamfundisha chanjo ya kideri, tone moja kwenye jicho. Dawa yenyewe lazima ikae baridi, kwa hiyo Sudi alikuwa anaibeba kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Hakuishia kwa wale saba. Alichanja kuku wa jirani, akachanja wa mtaa wa pili, halafu akaanza kwenda Mwandiga siku za gulio, akizunguka nyumba kwa nyumba. Watu wakamzoea. Akapata chumba kule, akahama kwangu. Zile wiki mbili zake zilikuwa zimekwisha hatimaye, na nyumba ikawa kubwa kuliko nilivyokumbuka.

Lakini turudi kwa kuku. Wale saba wakakua, vishungi vikasimama, madoadoa yakatokea, Leokadia akawa anakuja kuwatazama kila akishuka mjini. Kisha panga nyekundu zikaanza kujitokeza vichwani. Wa kwanza jogoo. Wa pili jogoo. Wa tatu, wa nne na wa tano majogoo. Nilikuwa nashika vichwa vyao kila asubuhi nikiomba Mungu. Wa sita akawika mbele yangu, sauti inakwaruza, huku ananitazama.

Mmoja tu ndiye alikuwa tembe. Mmoja, kuku wa kike, kati ya saba.

"Mama Zuhura," Leokadia akaniambia, "mashine yako inapenda wanaume."

Nikamweleza kwamba mashine haichagui, kwamba ni bahati tu, wakati mwingine inakuja hivyo. Akasema anajua. Akasema alikuwa anatania. Kwa Leokadia si rahisi kujua. Nikamwambia asimwachie yule tembe kaka zake, atafute jogoo wa nyumba nyingine, na wale sita abadilishane na majirani, maana damu moja ikizidi kuzaliana vifaranga wanadhoofu. Akawapakia wote kwenye tenga, akaondoka nao.

Nikasafisha mashine. Nilipiga hesabu ya lini yule tembe ataanza kutaga, nikaacha trei moja wazi kwa ajili yake. Miezi ikapita, mayai hayaji. Nikaingiwa na hofu kwamba kideri kimerudi, au mwizi, au paka. Nikapanda gari nikaenda Mwandiga.

Leokadia akanikaribisha ndani, si uani. Akanyanyua shuka la kitanda. Chini, ndani ya beseni lenye majani makavu, kuku alikuwa amelala amejitandaza, kishungi kimeinuka, akanitazama kwa jicho moja la hasira.

"Alianza kutaga humo bila kuniuliza," Leokadia akasema. "Halafu akakataa kutoka."

"Ungeniletea mayai. Kwenye mashine yangu ningekutotoleshea yote, na yeye angerudi kutaga mapema."

"Najua."

"Sasa?"

"Sudi alikuja kumwangalia. Akasema asisumbuliwe."

Nilisimama pale, mwenye mashine, nimetoka Katubuka kwa nauli yangu, kisha nikalishusha shuka taratibu. Yule kuku alitotoa vizuri. Safari ile wengi walikuwa mitetea, nikasikia. Sasa ukienda Mwandiga utakuta vishungi vile kwenye nyua nyingi, na wengine hawajui vilitoka wapi.

Leokadia hakuniletea mayai tena. Aliniletea kuku. Nilipostaafu na kuiuza mashine alikuja na tembe mmoja miguu imefungwa kamba ya mgomba, akamweka kibarazani, akakataa maneno yoyote. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kufuga kuku wangu mwenyewe, kwa kuogopa kuingiza ugonjwa kwenye mayai ya watu. Sikujua hata nimlaze wapi. Alichagua mwenyewe. Alichagua beseni la nguo safi nililokuwa nimeliweka chini ya dirisha, akataga mle juu ya gauni langu la Ijumaa, kila siku yai moja, na mimi kwa ujinga nikamwachia. Sasa ameatamia. Nikinyoosha mkono anavimba na kudonoa, na ana haki. Ijumaa ya kwanza nilisali na gauni la nyumbani. Ya pili nimeazima la Zuhura, linanibana kwapani. Akinijia mtu leo kuniuliza habari za joto la mashine, nitamwelekeza dirishani, aongee na huyo.